Chumba Kizito

Bisibisi si mtu wa kuamini mambo ya gizani. Nianzie hapo, kwa sababu nawajua wajuaji, watasema fundi huyo alikuwa mwoga tangu zamani, mwepesi wa kuona majini kwenye pazia. Hata kidogo! Yule ukimwambia nyumba fulani ina mashetani, atakuuliza kwanza nani aliyefunga waya zake za umeme. Jina lenyewe la Bisibisi alibandikwa mtaani kwa sababu haachani na kifaa hicho. Hata kwenye mazishi ya shemeji yake kilimponyoka mfukoni akiinama kutupia udongo, na watu wakabana vicheko vyao.

Huyo shemeji, mume wa dada yake, kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Mkewe alimkuta asubuhi ameketi mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya, kichwa kimegeuka nusu, macho wazi. Daktari akasema ni moyo. Watu nao wakasema yao, maana watu hawakosi la kusema. Walioyaona yale macho ndio walionyamaza.

Basi, miezi ikapita. Siku moja ya Jumamosi, asubuhi ya jua zuri, watoto wa jirani wanagonga mpira ukutani, Bisibisi akapigiwa simu na dada yake.

"Mdogo wangu, njoo unitazamie kompyuta ya shemeji yako. Gemu lake linaganda."

"Gemu? Dada, na uzee huo umeanza kucheza magemu?"

"Njoo kwanza. Kucheka utacheka ukifika."

Alipofika hakucheka. Dada yake ni mshonaji, anafanyia kazi sebuleni, cherehani yake ya umeme iko chini ya dirisha. Mama yao alikuwa amehamia pale tangu msiba ili binti asikae peke yake. Kompyuta ilikuwa kwenye kona ileile, kiti kilekile. Dada akaiwasha mwenyewe, akamwonyesha.

Lilikuwa gemu la kujenga nyumba kisha unatembea ndani yake. Marehemu alikuwa amejenga humo nyumba yao wenyewe, chumba kwa chumba. Cherehani ilikuwa chini ya dirisha. Makochi yalikuwa pale pale. Hata kigae kilichopasuka mlangoni mwa jikoni, ambacho kila siku alikuwa akisema atakibadilisha kesho, alikichora na ufa wake.

"Wiki ile kabla hajafa," dada alisema, "aliniambia, 'Mke wangu, nimekuwekea kitu chumbani mwetu. Siku ya kuadhimisha ndoa yetu utaingia mwenyewe ukione.' Siku yenyewe hakuifikia. Kila nikitaka kuingia, likifika mlangoni linaganda. Nataka kukiona tu, mdogo wangu. Nikishakiona nitaizima, na mimi nipate usingizi."

Ungemkatalia? Mimi nisingeweza, na Bisibisi ndiye kabisa. Akavuta kiti.

Akatembea sebuleni mwa gemu, jikoni, uani. Laini kabisa. Akageukia korido inayokwenda chumbani, likaanza kuvuta miguu. Akasogea. Likazidi kuwa zito. Alipoufikia mlango wa chumba, picha ikasimama kimya na feni ya kompyuta ikaanza kulia. Akafanya wanavyofanya mafundi wote, na wewe pia unafanya, usijifanye: akabonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia mpaka mashine ikakata roho. Akawasha upya.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo habari ilipo. Mnachokiona kwenye gemu si picha moja inayotembea. Ni picha nyingi zimesimama, kompyuta inazichora moja baada ya nyingine harakaharaka mpaka jicho linadanganyika. Ikipewa vitu vingi vya kuchora kuliko uwezo wake, inachelewa kuimaliza picha inayofuata. Ikishindwa kabisa, tunasema imeganda. Bisibisi aliweka tarakimu ndogo pembeni mwa kioo cha kompyuta, ya kumwonyesha kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde. Sebuleni ilisoma sitini. Koridoni ishirini. Mlangoni tatu, kisha mbili.

Akafungua orodha ya vitu vilivyomo kwenye kile chumba cha gemu, amjue mchawi wake. Kitanda. Kabati. Kioo cha kujitazamia. Pazia. Basi. Sebuleni kulikuwa na vitu mara kumi zaidi ya hivyo na kompyuta haikulalamika.

"Humu mna nini kizito hivi?" alijiuliza kwa sauti.

"Zawadi yangu," dada alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Bisibisi akakilaumu kile kioo, maana vioo huchosha kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora. Akaingia kwenye setingi. Dawa ya gemu linaloganda inajulikana: unaipunguzia kompyuta mzigo. Unazima kitu kimoja, unajaribu. Unazima kingine, unajaribu. Akazima mng'ao wa vioo. Tarakimu ikapanda kidogo mlangoni. Akazima vivuli. Ikapanda tena. Akajisifu moyoni, akaenda mezani kunywa chai aliyokuwa ameandaliwa.

Dada alikuwa anammiminia. Kikombe kikajaa. Chai ikafurika kwenye kisahani, ikatambaa mezani, ikaanza kudondoka sakafuni, na mkono wa dada ukabaki vilevile, birika limeinama, macho yametulia kikombeni.

"Dada, inamwagika!"

Birika likaisha. Ndipo akalinyanyua, akauliza kwa sauti yake ya kawaida, "Nikuwekee sukari?" Kisha akatazama chini. "Ee! Nani kamwaga chai yote hii?"

Bisibisi alimwonea huruma. Alijiambia ni majonzi, mtu aliyefiwa hupotea kimawazo. Akapangusa meza, akaaga, akaahidi kurudi kumalizia.

Aliporudi siku chache baadaye, aliwasha gemu na kukuta mambo yamebadilika. Mlangoni mwa chumba palikuwa pepesi. Akafurahi, akausogelea ule mlango aufungue. Kabla hajaugusa, akakosea kidogo kipanya, akageukia katikati ya korido. Tarakimu ikaporomoka mpaka moja. Picha ikasimama.

Akazima, akawasha. Akajaribu tena polepole. Mlangoni, sawa. Katikati ya korido, nzito. Akasimama sebuleni, akaitazama korido kwa mbali. Nzito. Akageukia dirishani. Nyepesi. Koridoni tena. Nzito zaidi ya mwanzo.

Kile kizito kilikuwa kimetoka chumbani.

Fundi ni fundi. Alisema ni joto, akasema ni vumbi, akatoa bisibisi yake, akafungua mashine, akapuliza feni. Mama yake alikuja akasimama nyuma ya kiti, akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, tangu umeanza kukitengeneza hiki kidude, mwenzio anasimamasimama."

"Anasimamasimama vipi, mama?"

"Anasimama. Jana kashika ufagio, kasimama mpaka kivuli cha mlango kikamhama miguuni. Namwita, haitiki. Halafu anafagia kama hakuna lililotokea." Akashusha pumzi. "Kinachokataa kufunguka, baba, usikilazimishe."

"Mama, ni kompyuta tu hii."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Akaingia tena kwenye setingi. Safari hii hakubakisha kitu. Akapunguza umbali wa kuona. Akapunguza ubora wa kuta, wa sakafu, wa nguo, wa mwanga. Nyumba ya marehemu ikawa mbaya, imefifia, kingo zake zinakwaruza macho. Tarakimu ikaanza kupanda. Thelathini. Hamsini. Akajikuta anatabasamu mwenyewe.

Nyuma yake cherehani ilikuwa inalia. Dada alikuwa anashona huku anamsimulia mteja mmoja mbishi: "Nikamwambia, mama, mwili umeongezeka, si nguo iliyopungua, yeye akani..."

Cherehani ikaendelea. Maneno yakakatika.

Bisibisi alisubiri amalizie. Cherehani ilikuwa inalia kwa mlio mmoja tu, haisogei. Akageuka.

Dada alikuwa ameketi, mguu umekandamiza pedali, tabasamu la hadithi yake bado liko mdomoni. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka. Inapanda na kushuka. Katikati ya kidole chake.

Damu ilikuwa imeshalowesha kitambaa. Hakupepesa jicho. Hakutikisika.

Bisibisi alirukia waya, akaung'oa ukutani. Cherehani ikanyamaza. Akamshika dada mabega, akamwita kwa jina lake la utotoni, akalia. Mama naye akaja mbio. Wote wawili wanamtikisa, naye anatabasamu vilevile, ana joto, anapumua, lakini hayupo.

Halafu akasema, "...kasirikia, akaondoka." Akamalizia hadithi yake. Akacheka. Akatazama chini. Ndipo akapiga yowe.

Wakampeleka zahanati, kidole kikasafishwa, kikafungwa. Kwenye benchi la kusubiria Bisibisi hakuwa na amani. Alikuwa anaunganisha mambo, na hakuyapenda jinsi yalivyoungana. Kila alipopunguza kitu, kuganda kwa kompyuta kulipungua. Na kila kuganda kwa kompyuta kulipopungua, dada yake aliganda zaidi. Kile kitu hakikuwa kimepungua uzito. Alikuwa amekifungulia njia tu. Mashine ilikuwa inakataa kukichora, inaganda ili isikichore, na yeye na ufundi wake akaja akaisaidia iweze.

Aliogopa. Ameniambia mwenyewe, na si mtu wa kuniambia hivyo.

Akaamua wakifika atarudisha kila kitu juu. Vivuli, vioo, umbali, vyote, mpaka juu kabisa. Iache igande. Igande milele. Akampandisha dada na mama gari la kukodi watangulie, yeye akabaki dirishani kusubiri dawa za maumivu. Mstari ulikuwa mrefu. Na hilo ndilo kosa lake, ndugu zangu. Alikuwa ameondoka nyumbani kwa haraka. Kompyuta aliiacha inawaka.

Alipofungua mlango wa sebule, jua la alasiri lilikuwa limejaa chumba kizima. Mama alikuwa jikoni, anachemsha maji ya kumkanda mgonjwa. Dada alikuwa kwenye kile kiti, kidole chake kimefungwa bandeji nyeupe, mkono juu ya kipanya.

"Haigandi tena!" alisema bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Mdogo wangu, umeweza! Haigandi!"

"Dada, ondoka hapo."

"Ngoja. Nimefika mlangoni."

"Dada, nakuomba."

Mlango wa chumba ukafunguka kwenye kioo cha kompyuta. Akaingia.

Kitanda. Kabati. Kioo. Pazia.

"Mbona hamna kitu?" alinong'ona.

Bisibisi alikuwa amefika nyuma ya kiti. Jicho lake lilikuwa kwenye tarakimu. Sitini. Chumba kilikuwa chepesi. Kitupu. Dada akazungusha macho ya gemu kidogo, akielekea kushoto, atazame mlango alioingilia. Arobaini.

"Usigeuke," Bisibisi alinong'ona.

"Aliniambia ameniwekea kitu."

"Usigeuke, dada. Kiko nyuma yako."

Ishirini. Kumi.

"Ni yeye?" dada aliuliza.

Na alilitaka jibu. Alilitaka kwa moyo wake wote. Akageuka.

Mbili.

Picha ikasimama. Kwenye ukingo wa kushoto wa kioo cha kompyuta kulikuwa na kitu kilichoanza kuchorwa. Hakikumalizika. Bisibisi alikiona upande tu, na hadi leo hataki kunieleza zaidi ya hivi: kilikuwa kirefu, na kilikuwa kimeinama ili kipite mlangoni.

Hakuwa shemeji yake.

Mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya. Akabonyeza kitufe cha kuzimia. Akakishikilia. Kioo kikawa cheusi, feni ikanyamaza.

"Dada."

Akamtikisa bega.

"Dada, imezimika. Tumemaliza. Dada."

Mama alitokea jikoni na sufuria ya maji moto mikononi. Akamtazama binti yake. Mkono juu ya kipanya. Macho wazi. Akaiweka sufuria chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Umefanya nini, mwanangu?"

Madaktari walimpima mpaka wakachoka. Ana joto, damu inatembea, moyo upo, ila pigo lake linakuja pale muuguzi anapokuwa ameshakata tamaa ya kulisubiri. Hali. Hanywi. Hakondi. Walimrudisha nyumbani, maana hospitali nayo haina dawa ya mtu asiyeumwa kitu.

Bisibisi aliirudia ile kompyuta. Alikuwa ameshalia machozi yote, amebaki na kazi tu. Akawasha gemu, akaingia setingi, akapandisha kila kitu mpaka juu kabisa, vivuli, vioo, umbali, vyote alivyoapa kuvirudisha. Akatembea koridoni. Sitini. Akaufungua mlango wa chumba. Sitini. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akapekua mpaka nyuma ya kabati huku anakiita kwa matusi kile kitu kirudi. Sitini, sitini, sitini. Haikuganda hata mara moja. Humo ndani hamkuwa tena na kizito chochote.

Wa kwanza kugundua lililobaki alikuwa mama. Mama ndiye anayemchana nywele, na baada ya wiki kadhaa aliona kwamba inambidi ahamishe kigoda ili aupate uso. Akadhani uzee. Akatia alama ya chaki ukutani, mbele ya pua ya binti yake, na siku zilipopita pua ikaiacha chaki. Dada hajaganda. Anakwenda. Anakwenda picha moja, halafu siku nyingi, halafu picha nyingine. Anageukia kushoto, mwendo uleule alioanza siku ile kwenye kiti. Wamegeuza kiti, wamehamisha chumba, wamemhamishia kwa mama. Yeye anaendelea kugeukia kushoto kwake. Na lile tumaini lililokuwa usoni mwake alipouliza kama ni yeye, limeanza kuondoka. Midomo inaachana. Nyusi zinapanda. Nilikwenda kuwasalimia mwezi uliopita, nikauona uso ule, na ninawaambia kweli, hayo ni mayowe yanayokuja. Yako njiani. Yatafika.

Bisibisi ameacha ufundi. Anashinda kwenye mkeka upande wa kushoto wa dada yake, mgongo kaugeuzia ukutani, ili dada akimaliza kugeuka wa kwanza kumwona awe ni ndugu yake. Hamwambii mtu lakini anajua hesabu haikubali, kwa sababu kile kitu kinasimama karibu na dada kuliko pale alipokaa yeye.

Mama ana mpango wake. Kila jioni anachukua kitambaa cheusi, anamfunga binti yake macho, anakaza fundo kisogoni mara mbili. Anasema akimaliza kugeuka, bora asione. Halafu wanalala wote watatu chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ndani.

Kila asubuhi wanakikuta kile kitambaa kimefunguliwa. Hakijaanguka. Kimekunjwa vizuri pande nne, na kimewekwa mapajani mwa dada, ambaye kufumba jicho tu kunamchukua mwezi.